Sikio la Krismasi

Kornelia hakuweza kumpita ng'ombe bila kumshika sikio. Awe wake, awe wa jirani, awe wa mtu asiyemjua anayeswagwa kwenda mnadani, mkono wake ulitoka ndani ya shuka, ukashika ncha ya sikio kwa vidole viwili, ukatulia kidogo, ukarudi ndani. Siku ya harusi ya mtoto wa katekista, ng'ombe wa mahari wakiingizwa uani kwa vigelegele, alijipenyeza katikati ya wageni akawashika masikio mmoja baada ya mwingine.

"Mama Doris," bwana harusi alimwambia, "hao ni wazima. Usije ukanitafutia sababu ya kudaiwa wengine."

Watu walicheka. Kornelia hakucheka. "Huyo wa tatu mwangalieni," alisema, akaenda kuosha vyombo.

Wa tatu alikufa kabla maharusi hawajazoeana.

Evaline, afisa mifugo wa kata, alikuwepo siku hiyo, na ndipo alipomtambua. Watu wa Maretadu walimwita Evaline dokta, ingawa alichokuwa nacho ni stashahada, pikipiki ya serikali na kijisanduku cha sindano. Alitoka Singida, hakuwa na ukoo hapa wala zizi. Alikuwa amezoea kufika amechelewa. Ndigana, homa ya kupe, haimsubiri mtu. Leo ndama ana homa, kesho matezi ya shingo yamevimba, na habari ikimfikia dokta kwa mdomo wa mtu aliyekutana na mtu kisimani, povu limeshatoka puani. Alipomwona mwanamke anayeujua moto wa homa kwa ncha ya kidole, alimfuata nyuma ya jiko akamwomba namba ya simu.

Kornelia alikuwa mjane wa miaka sitini hivi. Alikuwa na binti mmoja, Doris, aliyeolewa Jorodom, upande wa Katesh. Ng'ombe wa marehemu mumewe waliisha mwaka wa ukame, na tangu hapo alikuwa mtunzaji tu. Alimtunza ng'ombe mmoja wa Margwe, mzee tajiri aliyevaa koti la suti juu ya shuka hata jua likiwaka.

Hapa kwao mwenye ng'ombe wengi hawalundiki zizi moja. Wawili atabaki nao nyumbani, mmoja atampeleka Nambis, wengine atawateremsha kwa wafugaji wa tambarare za Hanang. Sababu inayosemwa ni ugonjwa: ukiingia zizi hili, lile linapona. Sababu isiyosemwa ni kwamba hakuna anayejua mali yako, hata mkeo. Kumuuliza mwanaume ana ng'ombe wangapi ni kama kumwambia avue nguo mbele za watu. Mtunzaji anakunywa maziwa, anachukua samadi, na anafunga mdomo. Huo mdomo uliofungwa ndio malipo yake kwa mwenye mali.

Ng'ombe wa Kornelia, maana ndivyo alivyomwita ingawa hakuwa wake, aliitwa Krismasi. Alizaliwa asubuhi ya sikukuu hiyo, ametanguliza miguu ya nyuma, na Kornelia akamvuta kwa mikono yake mwenyewe, gauni la kanisani likiwa limelowa damu. Alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe. Maziwa yake ndiyo yaliyoshusha ugali nyumba ile, na samadi yake ndiyo iliyofanya kishamba cha mahindi chenye upana wa uwanja wa shule kitoe chakula cha mwaka. Bila Krismasi, Kornelia alikuwa bibi mwenye udongo mwekundu uliochoka. Yeye alijua, na kila mtu alijua.

Evaline alirudi kutoka semina ya Babati na kitu kipya kichwani. Aliwakusanya watu wachache kwenye ukumbi wa parokia baada ya misa: Kornelia, Scolastica mwenye duka la dawa za mifugo, Joakimu aliyetunza ng'ombe na kuuza maharage, na wengine wawili watatu waliokuja wakaacha, wakarudi. Aliwaonyesha kwamba mtu anaweza kutengeneza programu ya simu bila kusomea kompyuta. Unachukua kipande hiki, unakiunga na kile, kama mtoto anavyopanga magunzi.

"Hapa unasema kama," Evaline alieleza. "Kama hivi, basi vile. Simu inafuata."

"Kama sikio ni la moto," alisema Kornelia.

"Haya. Basi nini?"

"Basi usilale."

Ukumbi ulicheka. "Mama Doris," alisema Scolastica, "simu hailali hata bila kuambiwa."

"Ndiyo maana inatufaa. Sisi tunalala."

Hivyo ndivyo walivyoendelea, Jumapili kwa Jumapili, maharage yakichemka jikoni kwa masista. Joakimu alichora zizi kwa mkaa juu ya mfuko wa mbolea, Evaline akalihamishia kwenye simu. Kama sikio ni la moto na tezi limevimba, majirani wote wa bonde wapate taarifa, waogeshe ng'ombe wao dhidi ya kupe, na dokta aitwe. Waligombana kuhusu rangi. Waligombana kuhusu nani ashike simu. Evaline alikuwa hajawahi kuona watu wazima wakigombana kwa furaha namna ile, na alipopanda pikipiki kurudi alikuta anaimba.

Jina, Sikio, alilitoa Joakimu. Mlio aliutoa Kornelia.

"Sisi wengi hatusomi haraka," alisema. "Una jembe mkononi, mvua inakunyeshea, nani atatafuta miwani? Ilie kama ng'ombe. Ng'ombe akilia hakuna asiyegeuka."

Wakaenda wote nyumbani kwake. Wakamtenga ndama, Scolastica akanyoosha simu, na Krismasi akalia, mlio mrefu, mzito, wenye lawama ndani yake. Mwisho wa mlio Kornelia, aliyekuwa amesimama karibu, alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, cha mtu aliyejisahau. Evaline alitaka kukikata.

"Kiache, dokta," alisema Scolastica. "Kinapendeza. Watu wajue tulitengeneza sisi."

Kikabaki. Masika ile simu za bonde zililia na kucheka, na ndama wengi walipona.

Baadaye wakaongeza kipande kimoja. Ilionekana kwamba homa hairuki majirani tu, inatembea pia na mwenye mali, maana yeye ndiye anayehamisha ng'ombe huku na huko, na kupe wanasafiri naye. Basi akiumwa mmoja wa mtu fulani, wote wanaotunza ng'ombe za mtu huyo waambiwe waangalie zao, na mwenyewe aambiwe pia, asije baadaye akasema mtunzaji amemla. Kila mtunzaji aliingiza kwa siri namba ya mwenye ng'ombe wake. Hakuna aliyeweza kuiona, hata Evaline. Walihakikisha mara nyingi. Kila mmoja wao alikuwa ameibeba siri ya mtu mmoja maisha yake yote, na akili zao zilikuwa kwenye homa. Hakuna aliyefikiri kuhusu sauti.

Ilikuwa siku ya mnada. Watu walitoka Nambis, walitoka tambarare za Hanang na fimbo zao ndefu, na Evaline alikuwa langoni akikagua mifugo. Kornelia hakwenda. Alikuwa nyumbani, na alipoinuka kwenda kukamua alimshika Krismasi sikio, akaliachia, akalishika tena. Akapapasa shingo. Akatoa simu kifuani, akaifuta kwa kanga, akabonyeza.

Mnadani, ndani ya koti la Joakimu, ng'ombe alilia. Kisha mwanamke akacheka.

Watu walitabasamu, walikuwa wameshauzoea mlio ule. Halafu ukalia penye mbuzi. Ukalia penye banda la chai, ukalia mara mbili karibu na lango, ukalia kwa kijana mmoja wa tambarare aliyeshtuka hadi akadondosha fimbo. Kila mahali mlio uleule, na mwisho wake kicheko kilekile. Wale wa Nambis na wa tambarare ambao simu zao zililia walifanya kitu ambacho mtu hufanya bila kufikiri. Kila mmoja aliinua macho kumtafuta mwenye ng'ombe wake. Na wote walimtazama mtu mmoja.

Margwe alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Simu yake, iliyochelewa kupata mtandao, ililia ya mwisho, mfukoni mwa koti la suti.

"Mzee Margwe," mtu alipaza sauti kutoka nyuma, "ng'ombe zako zinakuita. Si uitike?"

"Kumbe ni ukoo mzima!" mwingine alisema. "Hesabuni vizuri, bado kuna simu hazina chaji."

Vicheko vikapasuka, vikafa haraka, kwa sababu Theodory alikuwa amesimama pale akiwa na kamba ya mbuzi mkononi. Theodory alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake Margwe. Alikuwa mwanaume wa kuoa, na hakuoa, kwa sababu baba yake mkubwa alimwambia ng'ombe za baba yake ziliisha zote mwaka wa ukame, hata mkia haukubaki.

"Baba mkubwa," alisema, taratibu kabisa, "si walikufa?"

Margwe alimwaga chai chini, akaondoka. Evaline naye alishakuwa juu ya pikipiki, na sindano mgongoni. Alimkuta Krismasi amesimama, kichwa chini, Kornelia akimpangusa macho. Alimchoma. Jioni Krismasi alicheua, na Kornelia akakaa chini kwenye samadi, akalia kwa furaha, bila kujua mnadani kulitokea nini. Evaline hakumwambia. Alimwachia jioni ile moja.

Wazee walikaa mlimani, kwenye majani, upepo ukivuma hadi wakajifunika vichwa. Swali la kwanza halikuwa kuhusu ng'ombe za yatima. Walikuwepo pale wanaume wengi wenye ng'ombe kwa watu, na kila mmoja alikuwa amelala usiku mzima akiwaza ni lini simu zitamlilia yeye. Swali lilikuwa: nani ametengeneza kitu hiki?

"Mimi nilichora zizi tu," alisema Joakimu. "Zizi lina kosa gani?"

"Mimi nilishika simu," alisema Scolastica. "Nilichagua na rangi, ile ya kijani. Waulizeni, rangi ya kijani ndiyo yangu."

Evaline alisimama. "Wazee wangu, shikamooni. Tulitengeneza pamoja. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Marahaba. Wewe ni mgeni wa serikali, dokta," alijibiwa. "Huna ng'ombe hapa na huna kaburi hapa. Keti."

Akaketi.

Mzee mmoja akauliza kile kicheko ni cha nani. Sauti ile waliijua wote. Ilikuwa imemcheka mwanaume mbele ya mnada mzima, tena ng'ombe aliyelia alikuwa ndani ya boma la Kornelia, na kidole kilichobonyeza kilikuwa chake. Waliotengeneza walikuwa watu wengi. Ilipofika kulipa, alibaki mmoja.

"Wazee," alisema Kornelia, "ng'ombe alikuwa na homa."

"Tumesikia," alisema mzee. "Tumesikia sote."

Wakamtenga. Asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe shamba, asisindikizwe kwa mgonjwa wala kwa maiti, na atakayevunja neno hili aingie naye humo humo. Kila mwenye Sikio kwenye simu yake alifute palepale, mbele ya wote. Walitoa simu, wakasaidiana kutafuta pa kubonyeza. Walisaidiana vizuri sana. Ukumbini Evaline alikuwa amewafundisha hivyohivyo: asiyejua amuulize jirani.

La Theodory likaja mwisho, watu wameshachoka na baridi. Margwe aliamriwa ampe ng'ombe wawili, mambo yaishe, na Theodory ale kiapo cha kumtenga Kornelia pamoja na wengine. Theodory aliapa. Margwe alipoulizwa ng'ombe gani, alivuta koti lake vizuri.

"Mmoja yuko Nambis," alisema. "Wa pili ni yule anayeimba."

Theodory alikwenda kumchukua Krismasi siku ya pili. Evaline alikuwepo, akimaliza dawa. Kijana alisimama nje ya boma, hakuweza kubisha hodi wala kusalimia. Mwishowe alizungumza na ng'ombe.

"Krismasi," alisema, "mwambie mwenye nyumba nimekuja kukuchukua."

Kornelia alitoka na kamba. Alielewa upesi. "Krismasi," naye alisema, "mwambie kijana karibu. Mwambie haki yake nimefurahi ameipata. Na mwambie, boma lake halina hata paa. Akuache hapa nikutunze, maziwa achukue yote. Mimi aniachie samadi."

Theodory alitazama kamba. "Krismasi, mwambie nimeapa."

"Mwambie hahitaji kuongea na mimi. Aje usiku, achukue maziwa mlangoni."

"Mwambie nataka kuoa, Krismasi. Watanipa nani nikiwa humo pamoja naye?"

Kornelia alimwendea ng'ombe. Alimfunga kamba, akamshika sikio, akaliachia. "Kila asubuhi," alisema, sasa akimtazama Theodory usoni, "likiwa la moto usisubiri." Theodory alishaanza kuvuta.

Mwaka ule Evaline alipita mara chache kuliko alivyojiambia angepita. Daima kulikuwa na sababu: chanjo, mafuta ya pikipiki, kikao. Alipopita aliona. Mahindi ya Kornelia yalitoka ya njano, mafupi, yenye magunzi kama vidole. Moto wake ukizimika usiku aliutafuta kwa kiberiti, na kiberiti kikiisha alitembea hadi kijiji kingine, kwani Scolastica hakumwuzia. Kanisani benchi lake lilibaki tupu, yeye peke yake amekaa mwisho kabisa, na wakati wa kupeana amani alikunja mikono. Ng'ombe walipopita njiani kwenda majini, mkono wake ulitoka ndani ya shuka kama kawaida. Wachungaji wakapiga kelele. Basi mkono ule, ambao haukujua kurudi bila kushika kitu, ukapanda ukashika sikio lake mwenyewe.

Mara ya mwisho Evaline alimkuta amesimama njiani, amefungasha. Doris alikuwa amemtumia nauli. Wao wenyewe Jorodom tope lililoporomoka kutoka mlima Hanang liliwaachia chumba kimoja na jiko, lakini angekaa humo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, dokta. Afadhali umekuja." Hakuuliza habari za nyumbani. "Krismasi amepita hapa jana na juzi. Masikio ameyalaza. Anatembea kama amebeba maji. Nilimwambia kijana, akaziba masikio yake kwa mikono, kabisa, kama mtoto. Leo hakupita."

"Pengine wamebadilisha njia."

"Nenda kamshike sikio. Mimi sitakiwi kugusa."

Evaline alikwenda. Boma la Theodory lilikuwa limepata paa sasa, na jikoni kulikuwa na msichana mwenye kanga mpya, mke. Krismasi alikuwa amelala ubavu kwenye matope. Povu jeupe lilimtoka puani, likapanda na kushuka kila alipovuta pumzi.

"Ameanza lini?" Evaline aliuliza.

"Siku nne, dokta," alisema Theodory. Alikuwa amenyauka usoni. "Jirani naye wake mmoja amekufa, sikujua. Nimejua leo. Hakuna anayesema ng'ombe wake anaumwa siku hizi. Ukisema, watu wanauliza ni wa nani."

"Namba yangu unayo."

"Nilifuta vyote siku ile. Tuliambiwa tufute, nikafuta na wewe."

Evaline alipiga magoti, akashika ncha ya sikio kwa vidole viwili kama alivyokuwa ameona ikifanywa mara nyingi. Halikuwa la moto. Lilikuwa baridi kama kitu kilichookotwa mtoni. Alibaki amelishika, kijisanduku kikiwa kimefungwa magotini, mpaka Theodory akageuka akamwambia mkewe aingie ndani.

Alirudi kwa miguu, akiisukuma pikipiki. Basi la Katesh lilikuwa limeshaonekana kwenye kona ya juu, na Kornelia alikuwa amesimama na furushi lake, peke yake upande mmoja wa barabara. Abiria wengine walisimama upande wa pili. Alimtazama Evaline tangu akiwa mbali. Evaline alipofika alifungua mdomo, na Kornelia akainua kiganja.

Kondakta aliita. Kornelia aliinama kuchukua furushi, akalitua kichwani, akalinyoosha kwa mkono mmoja.

"Mwambie amchinje sasa hivi, kabla hajafa mwenyewe," alisema. "Nyama isipotee. Ameoa juzi tu yule, hawana kitu."